Kilomita 60 za mto na watoto watatu: kabla ya umbali, tafuteni pa kutokea

Msomaji anauliza: "Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa miaka 9, 6 na 3. Likizo ijayo tunataka siku 4 mtoni kwa mtumbwi, tukilala kwenye hema, na katikati tupande mlima ulio karibu na mto. Mume wangu amepiga makafi tangu ujana wake. Mimi ni mgeni kabisa, na kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Amepima kwenye ramani akapata kilomita 60 za mto na 12 za kutembea, na anasema maji yatatubeba yenyewe. Inawezekana? Tuchukue mtumbwi mmoja au miwili? Na huyu wa miaka 3 aje, au abaki kwa bibi yake?"

Dada, nianze na hesabu ya shemeji, maana ndiyo iliyobeba mpango mzima. Kilomita 60 kwa siku 4 ni 15 kwa siku. Mtu mzima aliyezoea, kwenye maji yaliyotulia, huenda kilomita 4 au 5 kwa saa bila kujikamua. Kwa hiyo shemeji anaona saa 3 na kidogo za kazi, halafu mnapumzika. Kama angekuwa anakwenda na rafiki zake ningemwambia hewala.

Lakini mtumbwi wenu una mpiga kafi mmoja na nusu (nusu ni wewe, usinichukie) na watoto watatu. Ukipata kilomita 3 kwa saa umefanya vizuri. Halafu mtoto wa miaka 3 hutulia kwenye mtumbwi kama dakika 40. Baada ya hapo anataka kusimama, anataka kushika maji, anataka kujisaidia, na anataka vyote kwa pamoja. Mnaegesha. Kushuka, kujisaidia, kula kitu, kurusha mawe mtoni, kutafuta kiatu kilichovuliwa, kuvaa upya, kupanda: dakika 40 nyingine zimekwisha. Kwa uzoefu wangu, kila saa ya kupiga kafi na watoto wadogo hula saa moja nyingine ukingoni. Kilomita 15 ni saa 5 za kafi, kwa hiyo saa 10 za siku. Jua litawazamia mkiwa bado majini, na mchana ndipo upepo huchangamka. Ukivuma kwa mbele, mtumbwi wa wazi hugeuka tanga la kurudi nyuma.

Pangeni kilomita 6 hadi 8 kwa siku, na siku za mtoni ziwe mbili tu kati ya nne. Jumla yake haizidi 16. Najua inasikika kama aibu kwa mtu aliyepiga makafi tangu ujana. Mwambie watoto hawahesabu kilomita. Atakachokumbuka wa miaka 6 ni chura aliyemkuta chini ya jiwe.

Sasa jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote. Njia ya miguu ina kurudi. Mtoto akichoka, mawingu yakikusanyika, mnageuka na kufuata nyayo zenu. Mto hauna kurudi. Ukishaingia kwenye mkondo, nyumbani ni mbele tu, hata kama mtoto ana homa. Ndiyo maana mimi sipangi safari ya mto kwa kuuliza tuanzie wapi na tuishie wapi. Ninauliza: katikati hapa, tunaweza kutokea wapi? Chukueni ramani na picha za setilaiti, mtafute kila sehemu ambapo ukingo ni wa chini, mtumbwi unaweza kuegeshwa, na kuna njia ya gari au ya miguu inayofika watu waliko. Pawepo na mahali kama hapo kila kilomita 2 au 3. Kipande cha mto kisicho na pa kutokea kwa kilomita 6 hakiwafai mwaka huu, kiwe kizuri namna gani.

Na hapa kutembea kwenu kunaweza kusaidia kazi ya mto. Badala ya kuweka mlima katikati kama pambo, siku ya kwanza tembeeni ukingoni, mkifuata kipande kilekile mtakachokipita kwa mtumbwi kesho yake. Si lazima chote. Hata nusu yake inatosha, na sehemu nyingine mfike kwa gari. Mtaona kwa macho yenu kile ambacho ramani haisemi. Watoto nao watayapa mahali majina. Kesho yake, mtu wa miaka 6 aliyechoshwa na kukaa utamwambia, "Bado kona moja tufike kwa lile jiwe la kobe," naye atatulia, kwa sababu jiwe analijua na jina alilitoa mwenyewe. Hii mbinu imeniokoa mara nyingi kuliko pipi.

Mkitembea hivyo, tazameni mambo machache kwa makini. La kwanza ni mti ulioanguka ukalala majini, hasa kwenye kona, upande wa nje ambako mkondo unasukumia kila kitu. Mti huo ni kama chujio la chai: maji yanapita katikati ya matawi, majani yanabaki, na majani ndio sisi. Mtu anayebanwa pale hatoki kwa nguvu za mikono, maana kasi ya maji ikiongezeka maradufu, msukumo wake unakuwa mara 4. La pili ni ukuta mdogo wa kuzuia maji uliokatiza mto. Ukiwa juu ya mto unauona kama mstari ulionyooka tu, wala hautishi. Chini yake maji yanaporomoka na kujikunja kurudi nyuma, yanamshika mtu aliyeanguka na kumgeuza humohumo, hata kama amevaa jaketi la kuokoa maisha na hata kama ukuta haufiki mita 1. Ukuta kama huo haupitwi kwa mtumbwi. Mnashuka mapema, mnaubeba mtumbwi ukingoni, mnaingia tena mbali chini yake. La tatu ni rangi na urefu wa maji. Yakiwa ya kahawia, yamebeba vijiti na povu, na yamepanda hadi kwenye majani ya ukingoni, mto umejaa kwa mvua ya jana, pengine iliyonyesha mbali msikokujua. Siku hiyo mtatembea tu.

Kuhusu ugumu wa mto wenyewe, kuna kipimo cha kimataifa kinachoupanga kuanzia daraja la I hadi la VI. Kwa familia yenu ni maji yaliyotulia au daraja la I: mkondo unatembea, viwimbi vidogo, njia iko wazi. Shemeji akisema "kuna kipande kimoja tu cha daraja la II", hapo mtashuka na kutembea, yeye aupitishe mtumbwi mtupu. Na kama mto una mamba au viboko, tafuteni mto mwingine. Hapo hakuna mbinu ya kufundishana.

Mtumbwi mmoja au miwili? Miwili maana yake wewe, usiyejua kafi wala kuogelea, uwe nahodha wa mmoja ukiwa na mtoto. Hapana. Labda mpate mtu mzima wa tatu mwenye uzoefu. La sivyo ni mmoja, wa urefu wa mita 5 hivi, mpana na tulivu. Lakini piga hesabu ya uzito: wazazi wawili na watoto watatu mnafika kilo 200 au zaidi bila kijiko. Ukiongeza hema, matandiko na vyungu vya siku 4, mtumbwi unakaa chini majini na kila mtoto anayeinama anachota maji. Mkishakaa wote, kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa mtumbwi pabaki angalau sentimita 15. Upime kweli, kwa rula, karibu na ukingo kabla ya kuondoka.

Kwa sababu hiyo ningewashauri kambi iwe moja, mahali pamoja, siku zote 4. Mizigo inafika kwa gari. Mtumbwi unabeba watu, maji ya kunywa, chakula cha siku, na mfuko mmoja usiopitisha maji wenye nguo kavu za kila mtoto na dawa. Mnaanzia juu ya mto, mnashukia kambini. Ni raha kubwa kumaliza siku mahali ambapo hema limeshasimama. Siku ya pili ya mto mnaanzia kambini na kuishia chini, ambako gari limeshapelekwa asubuhi. Hapo angalieni funguo. Mwaka mmoja nilifika mwisho wa mto nikiwa na watoto wawili wenye usingizi na gari langu mbele yangu, funguo zake zikiwa ndani ya gari lililobaki juu, kilomita 9. Nilizitembea hizo kilomita peke yangu kwa viatu vilivyolowa huku mke wangu akiwasimulia watoto hadithi chini ya mti. Tangu siku hiyo funguo za gari la chini zinafungwa na kamba kwenye mfuko wa jaketi langu kabla mtumbwi haujagusa maji.

Kukaa: shemeji tezini, kwa sababu usukani uko nyuma. Wewe omoni, yaani mbele, kazi yako ni nguvu kidogo na macho mengi. Kitinda mimba akae chini kabisa, mbele ya miguu ya baba yake, anakoonekana wakati wote na kufikiwa kwa mkono mmoja. Wa miaka 6 katikati. Wa miaka 9 nyuma yako, na kafi lake. Wote watatu kwenye sakafu ya mtumbwi, juu ya kipande cha sponji, si kwenye viti: uzito ukishuka chini mtumbwi unatulia. Sheria moja waijue hata kwa wimbo: matako hayaondoki. Kitu kikianguka majini kinaachwa kiende, hata kiwe kiatu. Niliwahi kumwona binti yangu, wakati huo ana miaka 4, akiinama kufuata kandambili yake ya bluu. Alinyoosha mkono polepole tu. Mimi nikainama upande uleule kumshika, na hapo ndipo mtumbwi ulipopinduka. Kosa halikuwa lake. Kama ningebaki wima, angelowa mkono tu.

Mtumbwi ukisukumwa ubavu kwenye jiwe, egemeeni upande wa jiwe, kana kwamba mnataka kulikumbatia. Mwili utataka kulikimbia, na ukiinama upande wa juu wa mto maji yanaingia na mtumbwi unajikunja pale. Mkianguka, mtu asiwe kati ya mtumbwi na jiwe: mtumbwi uliojaa maji una uzito wa zaidi ya nusu tani. Mkae upande wa juu wake. Kwenye maji yanayokwenda kasi yaliyopita goti, mtu hasimami, kwa sababu mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo utamlaza kifudifudi. Analala chali, miguu mbele inakoelekea maji, anapiga mikono kuelekea ukingoni. Na mgawane watoto kabla: baba ana wa miaka 3, wewe una wa miaka 6, na wa kwanza anashika mtumbwi. Siku ya kwanza, kwenye maji ya kufika kiunoni yasiyo na mkondo, pindueni mtumbwi makusudi mara mbili. Watoto watacheka, nawe utajua jaketi linakuinuaje. Kamwe msimfunge mtoto kwenye mtumbwi, wala kamba yoyote isiwe inaning'inia mwilini mwake.

Jaketi ndilo lisilo na majadiliano, na kwa wasiojua kuogelea halitoshi jaketi lolote tu. Yale mepesi yenye nguvu ya kumwelesha mtu ya newtoni 50 yametengenezwa kwa anayejua kuogelea. Watoto wako, nawe pia, mnahitaji la newtoni 100, lenye kola ya kushikilia kichwa. La kitinda mimba liwe na mkanda unaopita katikati ya mapaja na kishikio mgongoni. Chagua kwa kilo za mtoto zilizoandikwa ndani ya jaketi, wala usinunue kubwa ili "akue nalo". Jaribio lake ni hili: mvalishe, funga kila kifungo, kisha mshike mabegani kwa jaketi lenyewe na umwinue. Likipanda hadi masikioni na kidevu kikazama ndani, ni kubwa, au mkanda umelegea. Vile vifuko vya kujaza upepo vya mikononi ni vitu vya kuchezea tu. Na wazazi mnavaa vilevile, mmefunga. Shemeji akivua kwa sababu ya joto, wa miaka 9 atavua baada ya dakika 2.

Maji ya mto yanaweza kuwa baridi hata jua likiwaka, na chini ya nyuzi 15 mwili hushtuka vibaya. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amelifupisha jambo hili kwa namba 1-10-1 kwa mtu aliyeanguka kwenye maji ya baridi kali: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inafanya kazi, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Hizo ni za mtu mzima aliyevaa jaketi. Mtoto hupoa upesi zaidi. Tena anapoa hata bila kuanguka, maana wewe unapiga kafi na kutoka jasho, yeye amekaa tu kwenye sakafu yenye maji. Usijipime wewe, mshike yeye shingo na vidole. Pamba ikilowa inabaki na baridi. Mvalisheni sufu au vitambaa vya michezo vinavyokauka haraka.

Mlima sasa, kwa siku iliyobaki. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye kupanda mita 500 ni saa 3 na robo kwa mtu mzima asiyesimama. Kwa watoto ninazidisha mara mbili, bado sijahesabu chakula. Na kitinda mimba ataomba kubebwa kabla ya kilomita ya pili: kilo 14 zake na kilo 3 za kibebeo viko mgongoni mwa mtu. Kateni hadi kilomita 5, kwenda na kurudi, na mwekeane saa ya kugeuka. Ikifika, mnageuka hata kama kilele kinaonekana. Mdogo anayetembea atangulie ili aweke mwendo, mzazi mmoja mwisho. Kila mtoto awe na filimbi shingoni kwenye kamba inayokatika ikivutwa, wakiwa nchi kavu. Mtumbwini ikae mfukoni mwa jaketi. Akipotea, anakumbatia mti ulio karibu na kupuliza mara tatu, tatu. Asitembee kututafuta.

Mengineyo upesi. Maji ya mto yachemke kwa dakika 1 kamili, au 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Vidonge vya klorini haviui kila kijidudu, hasa kile kinachoitwa kriptosporidi. Kwenye nchi za joto ulizeni kama mto una kichocho kabla ya kuingiza hata mguu. Radi ikisikika, tokeni majini, na msirudi hadi zipite dakika 30 bila ngurumo. Chukueni kafi la akiba, kopo la kukumba maji, kofia zenye kamba, na chumvichumvi za kumnywesha anayeharisha. Chakula kiwe kingi kuliko mnavyodhani. Mtu mmoja nyumbani abaki na karatasi yenye mahali mtakapoanzia, mtakapotokea, na saa ambayo asipowasikia ndipo aanze kuita msaada. Ongezeni saa 3 juu ya muda mnaotarajia, ili asiwaitie waokoaji kwa sababu ya kiatu kilichopotea.

Amebaki kitinda mimba. Sitakujibu kwa umri. Wiki mbili kabla ya safari, mvalishe jaketi sebuleni na umwache nalo saa nzima akicheza. Kisha mpeleke nalo kwenye maji ya utulivu, mwache aelee chali mikononi mwako. Akilivumilia na akaelea bila kupigana nalo, aje. Akilivua na kulia kila mara, bibi yake atafurahi kumpata kwa siku 4, na mto utakuwepo mwakani. Akija, mnunulieni kafi dogo la plastiki linaloelea, na mnunue mawili. La kwanza halitafika saa 6 mchana.